Siki, ndimu ya unga, molasi au umeme: vifaa vya useremala vilivyoshika kutu uvisafishe kwa kipi?

Sanduku la mjomba lilikaa miaka tisa kwenye banda la mabati hapa Tanga, mwendo wa dakika kumi kutoka baharini. Tulipolifungua tulikuta randa mbili za Record kutoka Sheffield, Uingereza, namba 04 na 05, patasi saba, msumeno wa mkono, guni ya kupimia pembe mraba, keekee ya kutobolea mbao, na tupa tano zilizogeuka vijiti vyekundu. Ndugu zangu wakataka viuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo. Nikaomba nipewe mimi. Nikapewa, pamoja na kicheko.

Tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila kinachosemwa kuwa kinaondoa kutu: msasa na mafuta ya taa, siki, ndimu ya unga, molasi, umeme, na mara moja, kwa ujinga wangu mwenyewe, asidi ya betri. Kila njia ina watu wanaoiapia. Ukiwasikiliza utadhani ni Simba na Yanga. Nyingi kati ya njia hizi zinafanya kazi kweli, ila kila moja ina kifaa chake. Anayeuliza "dawa gani ina nguvu?" ameanzia pabaya. Nguvu ni kitu rahisi kupata. Cha kuuliza ni chuma chako ni cha namna gani, na ni sehemu ipi ya chuma hicho usiyokuwa tayari kuipoteza.

Kwanza isome kutu

Kutu hutisha kuliko ilivyo. Chuma kikigeuka kutu huvimba, kikachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko mwanzo, kwa hiyo ganda nene la kahawia linaweza kuwa limekula chuma kidogo tu. Chukua wembe mkuukuu, ulaze karibu na uso wa chuma, ukwangue sehemu ndogo ya ukubwa wa kucha. Ukiona chuma cha kijivu mara moja, hiyo ni kutu ya juujuu na usiitayarishie ndoo. Ganda likitoka kwa vipande na chini yake kukabaki weusi ulioshikamana, hapo kuna haja ya kuloweka. Na ukiona vishimo, kama uso uliopona ndui, ujue hakuna dawa duniani inayorudisha chuma kilichokwisha kuliwa. Dawa italisafisha shimo, lakini shimo litabaki.

Vishimo ni tatizo au si tatizo kutegemea vilipo. Makali ya patasi ni mahali ambapo nyuso mbili hukutana: ule ulionolewa mshazari na ule bapa wa mgongoni. Vishimo vikiwa mgongoni, ndani ya sentimita mbili tatu kutoka kwenye makali, kila ukinoa utakifikia kimoja, na makali yatakuwa na mapengo kama mtoto anayeng'oa meno. Vishimo hivyo hivyo vikiwa huku juu karibu na mpini, havina neno kabisa. Kisu cha randa nacho ni vivyo hivyo. Kwa hiyo ukienda kutafuta vifaa vya mtumba, uwe Gerezani pale Dar es Salaam au Gikomba kule Nairobi, usiangalie upande anaokuonyesha muuzaji. Geuza, utazame mgongo. Patasi nyekundu kote lakini yenye mgongo mzima ni mali. Ile iliyopigwa brashi ikang'aa huku mgongo umetobokatoboka ni hasara iliyopakwa poda.

Msumeno na guni: usiviloweke

Nianze na njia ya zamani kuliko zote, msasa na mafuta ya taa, kwa sababu kuna vifaa viwili ambavyo kwangu mimi havina mjadala.

Msumeno ni bapa jembamba la chuma kigumu chenye mnyumbuko, na ncha za meno yake ni nyembamba zaidi. Asidi yoyote huanza kula pale penye ncha. Pia asidi ikiuma chuma hutoa haidrojeni, na chuma kigumu kinaweza kuifyonza kikawa chepesi kukatika. Sioni sababu ya kujiingiza huko wakati bapa lenyewe ni tambarare na mkono unafika kila mahali. Fungua mpini, weka skrubu zake za shaba kwenye kikombe, lilaze bapa juu ya ubao ulionyooka. Kwangua kwanza kwa wembe. Kisha funga msasa wa maji namba 240 kwenye kipande cha mbao, mimina mafuta ya taa kidogo, usugue kufuata urefu wa msumeno, umalizie kwa namba 400. Wangu ulichukua saa moja na nusu, na tope jeusi lililotoka lilitosha kupaka ukuta. Katikati ya bapa la misumeno ya zamani mara nyingi kuna nembo ya kiwanda iliyochorwa kwa wepesi sana. Hapo pita kwa mkono wa huruma, au ruka kabisa. Nembo ikifutika imefutika.

Guni nayo ina kazi moja tu, kuwa pembe mraba. Ukiisugua kwa nguvu ukaula ukingo wake, una kipande kizuri cha chuma na mbao kisicho na kazi. Stilwaya laini na matone ya mafuta ya cherehani vinatosha. Ukimaliza, ipime: ibane kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena palepale. Mistari ikitengana, guni imekwisha.

Kwa vifaa vingine msasa una udhaifu mbili: hauingii kwenye vishimo wala kwenye nyuzi za skrubu, na hulainisha pembe zilizotakiwa kubaki kali. Uso wa chini wa randa ukiusugua kwa msasa ulioushika mkononi utautia mabonde. Afadhali msasa uubandike juu ya kioo kinene, halafu uisukume randa yenyewe.

Siki na ndimu ya unga: zote ni asidi, lakini hazifanani

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa vyote viwili vinapatikana dukani na vyote ni vya jikoni.

Siki ya kawaida ina asidi ya asetiki kama asilimia 5. Unatumbukiza kifaa, unakiacha saa 12 hadi 24, unakitoa na kukipiga brashi. Kutu inatoka, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba siki haijui kusimama. Kutu ikiisha huendelea na chuma, ikakiacha kijivu kilichofifia, na mara nyingine cheusi chenye masizi.

Nilijifunza hilo msimu wa Idi. Jioni ya kuamkia sikukuu niliitia patasi ya nusu inchi kwenye kopo la siki, nikajiambia kesho asubuhi nitaitoa. Asubuhi kukawa na swala, kisha wageni, kisha pilau, kisha safari ya Pangani. Nilikumbuka siku ya tatu usiku. Patasi ilitoka nyeusi kama mkaa, na makali yake yalikuwa yameparuka, ukipitisha kucha unasikia mikwaruzo. Ilibidi niondoe karibu milimita tatu kwenye kinoo kabla ya kufikia chuma kizima. Milimita tatu za patasi ni miaka ya kunoa.

Ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki ile inayotiwa kwenye achari na juisi, ni hadithi nyingine. Nayo inauma, lakini ina tabia ya pili: molekuli yake huikumbatia chembe ya chuma iliyotoka kwenye kutu na kuishikilia majini. Gramu 50 au 60 kwa lita moja ya maji ya moto hufanya kazi ya siki kwa saa chache tu, na nyumba hainuki. Lakini hiyo bado ni asidi tupu. Ukisahau kifaa humo siku mbili, utakuta kimefifia na kina ukungu wa manjano au kijani.

Uzuri wenyewe uko kwenye kuipunguzia ukali kwa soda ya unga, bekingi au ya kufulia. Ukiongeza soda kwa kiasi, sehemu kubwa ya kuuma huondoka, kukumbatia kunabaki. Mchanganyiko ninaoutumia mimi kwa lita moja ya maji ni gramu 100 za ndimu ya unga, gramu 63 za bekingi soda, na matone ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ukiwa na soda ya kufulia, gramu 40 zake zinatosha badala ya hizo 63. Yeyusha ndimu kwanza, kisha tia soda kidogo kidogo, kwenye chombo kikubwa mara tatu ya unachodhani unahitaji. Utafuka povu kama chungu cha uji. Mara ya kwanza nilitumia jagi la juisi, nikaosha meza, sakafu na miguu yangu.

Angalia sana unachonunua. Bekingi soda na beking pauda hukaa rafu moja na makopo yake yanafanana, lakini beking pauda ina wanga na asidi yake ndani. Itakupa uji usio na kazi. Pima kwa mizani ya jikoni, usipime kwa macho.

Kwenye mchanganyiko huu, kutu ya juujuu huondoka ndani ya saa moja au mbili, na ile ya ganda ndani ya siku moja. Kifaa kizamishwe chote. Kikichomoza, pale maji yanapoishia huachwa mstari ulioingia ndani ya chuma, na mstari huo hautoki. Kila baada ya saa chache kitoe, kipige mswaki wa zamani, kirudishe. Maji yakiwa meusi na kazi imepungua, yamechoka; tengeneza mengine.

Kuna anayeuliza kwa nini asitumie ndimu zenyewe, maana Tanga ndimu si haba. Unaweza. Lakini maji ya ndimu yana sitriki kama asilimia 5 au 6 pamoja na sukari na nyuzinyuzi, na kwa randa moja utakamua gunia. Ukwaju vilevile: asidi yake ni ya tataria, ni nzuri sana kwa sinia na vyombo vya shaba, na huko ndiko uubakishe.

Kwa njia zote mbili, fungua kifaa kabla ya kukiloweka. Mipini ya mbao itoke. Gurudumu la shaba linalosogeza kisu cha randa litoke pia, kwa sababu shaba ikikaa na chuma kwenye asidi, chuma kinaweza kutoka na rangi ya waridi ya shaba iliyohama. Keekee iliyochovywa nikeli usiiloweke. Kutu ikiwa chini ya nikeli, asidi itaiinua ngozi yote. Hiyo isugue kwa karatasi ya foili iliyolowa maji, ambayo ni laini kuliko nikeli na haitaikwaruza. Na ndoo iliyowahi kuwa na jiki ioshe mpaka isinuke: jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua.

Kama ningelazimika kubaki na njia moja tu maishani, ningebaki na ndimu iliyotiwa soda. Patasi zote sita zilizobaki na visu vyote viwili vya randa vilipita humo. Siki inaishinda kwenye jambo moja tu, nitalitaja mwisho.

Molasi: ya mwenye subira na uwanja

Molasi ni mabaki ya kiwanda cha sukari ambayo wafugaji huyachanganya kwenye chakula cha ng'ombe. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji kwenye pipa la plastiki, tumbukiza vyuma, sahau wiki mbili au tatu. Nayo hufanya kazi kwa kukumbatia chuma cha kwenye kutu, polepole mno, na chuma kizima hukigusa kidogo sana. Kwa mtu mwenye sanduku zima la vifaa, au jiriwa kubwa ya kubania kazi isiyoingia kwenye beseni, ni nafuu kupita zote.

Lakini inachacha. Kwenye joto letu, siku ya nne unaijua ilipo hata macho yakiwa yamefungwa, na nzi wa mtaa mzima wanaijua kabla yako. Usiifunike kwa kifuniko cha kubana, maana gesi itakitupa. Mimi nilifanya mara moja, mke wangu akaniuliza swali moja tu kuhusu pipa lile, na sijafanya tena. Mwenye shamba ana bahati.

Umeme: kwa miili ya randa na vyuma vizito

Wenye kemia huiita elektrolisisi, na jina linatisha kuliko kazi yenyewe. Unahitaji ndoo ya plastiki, chaja ya zamani ya betri ya gari ya volti 12, kipande cha chuma chakavu cha kuwa kafara, na soda ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne za maji. Waya hasi unabana kwenye kifaa chako. Waya chanya unabana kwenye chuma cha kafara. Viwili hivyo visigusane ndani ya maji. Washa, na viputo vidogo vitaanza kupanda kutoka kwenye kifaa kama soda iliyofunguliwa. Ampea mbili mpaka nne zinatosha. Saa 6 hadi 24 kulingana na ganda.

Uzuri wake mkubwa ni huu: kifaa kikiwa upande wa hasi, chuma kizima hakiliwi hata ukikisahau. Ile Idi yangu isingenigharimu kitu kwenye ndoo hii. Hata umeme ukikatika katikati, na unakatika, maji yenye soda hayashikishi chuma kutu haraka. Unasubiri urudi, unaendelea.

Masharti yake hayana mzaha. Ukikosea ukageuza nyaya, kifaa chako ndicho kinachokuwa kafara, na kinaliwa vizuri kabisa. Soma alama mara mbili kabla ya kuwasha, na uzime chaja ukutani kabla ya kutia mkono majini. Viputo vile ni haidrojeni, inayolipuka, kwa hiyo kazi hii ni ya nje, mbali na jiko na sigara. Chuma cha kafara kisiwe stenlesi kamwe: ina kromiamu, na kwenye umeme huu hugeuka kuwa sumu inayosababisha saratani. Wala usitie chumvi ya jikoni ili "kuongeza nguvu", utapata klorini. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotumia magadi ya kuchemshia maharage. Ni kweli magadi yale, kama yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, kwa sehemu kubwa ni soda ya aina hiyo, ila yana chumvi ndani yake, na huwezi kujua kiasi gani. Soda ya kufulia iliyosafishwa ni bora.

Chaja nyingi mpya hukataa kuwaka zisipohisi betri. Tafuta ile nzito ya zamani yenye transfoma. Asiyekuwa nayo lakini ana paneli ndogo ya sola, ya wati 20 hivi, anaweza kuiunganisha moja kwa moja bila betri. Paneli yenyewe haiwezi kutoa zaidi ya ampea moja na kidogo, kwa hiyo haina hatari ya kupitiliza. Itachukua jua la siku nzima. Nimeona ni njia nzuri kwa walio visiwani na vijijini.

Udhaifu wake ni kwamba umeme husafisha upande unaokitazama chuma cha kafara. Mwili wa randa una pembe na mifuko mingi, kwa hiyo zungusha vipande vinne vya kafara kuuzunguka, vyote vikiunganishwa kwa waya mmoja, au uugeuze kila baada ya saa kadhaa. Pia hung'oa rangi. Rangi ya buluu ya zile Record zangu ilitoka magamba kwa magamba, ikabidi nipake upya. Mwenye randa ya kale ambayo rangi yake ya kiwandani bado nzima, na anaijali, aende kwenye ndimu na soda, iliyo pole zaidi kwa rangi.

Kulinganisha basi: ndimu na soda inashinda kwa kila kinachoingia kwenye beseni. Umeme unashinda kwa chuma cha kusubu chenye ganda nene, kwa jiriwa na vibanio vikubwa, na kwa skrubu zilizogandamana ambazo hazijulikani zinaishia wapi. Kwa patasi sioni haja ya kufunga nyaya zote hizo.

Zile ambazo nakuomba uziache

Grainda yenye brashi ya waya ni tamu kwa sababu inamaliza kwa dakika mbili. Nyundo, koleo, jiriwa, sawa, ukiwa umevaa miwani, maana nyaya huruka kama mishale. Kwenye patasi na kisu cha randa, hapana. Chuma hicho kiligumishwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Kikifika kama nyuzi 220 za Selsiasi makali huanza kuonyesha rangi ya manjano ya majani makavu, na kikifika karibu 300 huwa buluu. Mafundi husema chuma kimeungua. Ukiona ile buluu nzuri kwenye ncha, ugumu umeondoka, utanoa asubuhi na kufikia adhuhuri hakikati.

Asidi ya betri na ile ya kusafishia vyoo: fundi jirani aliponiona nayo aliniambia, "Kijana, hiyo haijui kutu wala chuma, inakula vyote." Nilikuwa nimekwisha kuimimina. Kisu cha zamani cha randa, ambacho kwa bahati sikukihitaji, kilitoka chembamba. Ile ya chooni ina ubaya wa ziada: mvuke wake hushikisha kutu kila chuma kilichomo chumbani, pamoja na vile ulivyokwisha kusafisha.

Soda ya kola ina asidi ya fosforasi kidogo, inasaidia skrubu moja iliyoshika. Kwa zaidi ya hapo, inywe.

Chai ya rangi nzito nayo husifiwa, pamoja na dawa za dukani zinazogeuza kutu kuwa nyeusi. Hizo hazitoi kutu. Tanini iliyomo huungana na kutu ikawa ngozi nyeusi ngumu kiasi. Tanini hiyo ndiyo iliyokuwa inatafutwa kwenye magome ya mikoko ya pwani hii, kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Kwa bawaba au geti ni jambo jema. Kwenye uso unaotakiwa kuteleza juu ya mbao au kunolewa, haina nafasi.

Saa moja baada ya kutoka majini

Watu wengi wanaoilaumu njia fulani kuwa "inarudisha kutu" hawajaliwa na njia. Wameliwa na saa moja ya baadaye. Chuma kilichotoka kwenye dawa kiko uchi kabisa. Hapa pwani unyevu wa hewa uko juu ya asilimia 70 karibu mwaka mzima, na upepo unaleta chumvi. Nimeona rangi ya machungwa ikitokea juu ya patasi wakati nimeenda kupokea simu.

Ukikitoa, kisuuze. Kama kimetoka kwenye siki au asidi tupu, kipitishe kwenye maji yenye bekingi soda kwanza. Kisha maji ya moto sana, yale ya kuunguza mkono, kwa sababu chuma kikipata joto hujikausha chenyewe. Futa kwa kitambaa kikavu, kianike juani dakika chache, na kikiwa bado na uvuguvugu kipake mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia, hata ya nazi, yaache jikoni. Mengi yakikaa hugeuka gundi au kuchacha. Uso wa chini wa randa mimi hupaka nta, kwani mafuta yangeingia kwenye mbao na kuzuia vanishi kushika. Na usiuache umelala juu ya maranda usiku kucha: maranda hushika unyevu na kuubana kwenye chuma.

Tupa

Nilisema siki ina jambo moja inaloshinda. Ule ubaya wake wa kutojua kusimama, wa kuendelea kula chuma baada ya kutu, kwenye tupa unageuka kuwa faida. Meno ya tupa yaliyobutuka, asidi ikiyala kidogo kidogo pande zote, ncha zake hurudi kuwa kali. Tupa iondolewe mafuta kwa sabuni, ipigwe brashi ya waya kufuata mistari ya meno, ilale kwenye siki usiku mmoja, ipigwe brashi tena, ipite kwenye maji ya soda, ikaushwe, ifutwe kwa mafuta ya taa.

Kati ya zile tano za mjomba, tatu zilikuwa zimekwisha. Meno yalitoka pamoja na kutu, nikazitumia kuwa vyuma vya kafara kwenye ndoo ya umeme. Mbili ziliamka. Ile ndogo ya pembe tatu ndiyo niliyonolea msumeno wake.